Kwa Nini Kunguru Hawafukuzwi

Mtoto alipoguna, Madam alikuwa amesimama kwenye mlango wa korido na kikombe chake mkononi. Mama Kibonge akateleza chini ya meza, akapiga magoti, akamtia mwanawe chupa ya maziwa mdomoni kabla hajajaza kifua kwa kilio.

"Kuna paka humu?" Madam akauliza, kama alivyozoea kuuliza.

"Yupo, Madam," sauti ya Mama Kibonge ikatoka chini ya meza. "Anakunywa maziwa."

"Haya. Paka akishiba, tuongee habari za Kunguru."

Ndivyo walivyoishi. Ukutani, juu ya mtungi wa maji, palikuwa na tangazo lenye herufi nene ambazo hata kipofu angezisoma kwa kupapasa: watoto hawaruhusiwi mahali pa kazi. Kila mtu alilisoma akienda kujaza kikombe. Na kila mtu alijua kwamba pale pale karibu, ndani ya boksi gumu la karatasi, alilala mtoto mnene mwenye mashavu kama mito ya kulalia. Hakuna aliyesema neno. Kwa hiyo mtoto hakuwa mtoto. Alikuwa paka.

Karakana ile ya Madam ilitengeneza michezo ya mezani: ramani za kukunjua, kadi, vyombo vidogo vya mbao, na kitabu cha maelezo. Ilikuwa na vyumba viwili vilivyotazamana. Kulia walikaa wachoraji, na mkubwa wao aliitwa Wino, mwanamke mrefu ambaye kiwiko chake hakikukosa doa la rangi. Kushoto walikaa watunga sheria, wale wanaopima kadi ipi ina nguvu gani, na mkubwa wao aliitwa Rula, maana hata utani aliupima kwanza kabla ya kuutoa. Zamani wawili hao walikuwa chanda na pete. Kisha wakakosana juu ya jambo ambalo kila chumba kilikuwa na hadithi yake, na tangu hapo wakawa maji na mafuta. Korido ndiyo ilikuwa mpaka wao. Na koridoni, kati ya mtungi wa maji na mashine ya kunakili, ndipo ilipokuwa meza ya Mama Kibonge.

Kazi yake, aliyoipata kwa jasho la masomo ya jioni, ilikuwa kucheza mchezo kabla haujakamilika mpaka aone unavunjikia wapi, kisha kuandika kitabu cha maelezo kwa lugha ya watu. Hakuwa wa kulia wala wa kushoto. Karatasi alichukua kwa wachoraji, penseli kwa watunga sheria. Kibonge akisumbuliwa na meno, alichelewa kuingia, na hakuulizwa. Alidhani ni huruma. Mama mwenye mtoto mchanga huona huruma kila mahali, kwa sababu anaihitaji.

Alitoka chini ya meza, akajipangusa magoti.

"Ni yule mwalimu wa hesabu aliyekuja kutujaribia mchezo," Madam akasema, akikaa juu ya ukingo wa meza. "Ametuweka pabaya. Anasema, kwenye ramani yetu ya angani Himaya ya Shaba ina manowari za kuziba nyota. Jamhuri ya Kioo nayo haijambo. Katikati yao kuna Ukanda wa Vumbi, na ndani ya Ukanda kuna Kunguru. Kunguru wana nini? Vyombo vya kuokoteza vilivyofungwa kwa waya. Wanaiba barafu ya watu, wanateka watu, wanamtukana kila apitaye. Sasa, mbona hawafutwi?"

"Labda kwa kuwa wako mbali, Madam. Mpakani huko."

"Nilimwambia hivyo. Akasema manowari haziendi kwa miguu."

"Labda hawaonekani. Si kuna vumbi?"

"Hawaonekani na bendera ile? Wino ameichora ngome yao kubwa kuliko mwezi."

Mama Kibonge akacheka. Madam hakucheka.

"Nataka ukurasa mmoja wa jibu. Mchezo unakwenda kwa mpiga chapa wiki hii. Tukikosa jibu, tunawatoa Kunguru, zibaki dola mbili zipigane zenyewe. Rula anasema mchezo utakuwa safi zaidi." Akainuka, akanywa funda la mwisho. "Ajabu ni kwamba Wino naye amekubali."

Alipoondoka, Mama Kibonge alibaki ameshika penseli kama mtu aliyeshika kijiko bila sahani. Rula na Wino wamekubaliana? Wale ambao leo mmoja akisema kunanyesha, mwingine angetoka nje kwenda kuanika nguo?

Na Kunguru wakitolewa, yeye atafanya nini? Kurasa zao ndizo zilizokuwa kazi yake hasa. Vyumba vingekuwa na watu wa kutosha kuandika yaliyobaki. Mama mkwe wake alikuwa na mgongo mbovu, hakuweza tena kumbeba mtoto. Kituo cha kulelea watoto mtaani kwao kilipokea wanaotembea tu, na Kibonge hata kukaa alikuwa bado anaanguka kama gunia. Bila korido hakuna kazi. Ni yeye na mwanawe na kuta nne, na masomo yote yale ya jioni yaende na maji.

*

Jioni, alimsimulia mumewe akiwa anamwogesha mtoto kwenye beseni. Baba Kibonge alikuwa fundi majokofu, mtu wa maneno machache na mikono baridi.

"Hebu niambie," mke akasema. "Mtu akikuacha ukae kwake, ukachukua vyake, na hakufukuzi. Kwa nini?"

"Anataka kitu."

"Huwezi kusema ni mwema tu?"

"Naweza." Akampokea mtoto kwenye taulo. "Ila mimi nilikuwa nakuletea kalamu darasani kila jioni. Ulidhani napenda sana kalamu?"

"We mwanaume! Nilidhani ni huruma, nilikuwa nasahau zangu."

"Nilikuwa nazificha."

Mama Kibonge alimtupia maji usoni, wakacheka, na mtoto akacheka bila kujua anachekea nini. Lakini mama alipojilaza, kicheko kilikuwa kimemtoka. Kumbe alichukua kalamu za mtu miezi mingapi, akidhani anasaidiwa, na kumbe alikuwa anavutwa. Yule alimvuta kwa nia njema. Na wale wa karakana je?

Akaanza kukumbuka. Boksi la Kibonge aliletewa na Rula. "Limetoka kwa mpiga chapa, lilikuwa linatupwa," alisema, akaliweka chini ya meza akiangalia pembeni. Kesho yake Wino akaja na brashi, akalichorea nyota pande zote, za dhahabu na bluu. "Mtoto asilale kwenye boksi tupu kama kiatu." Siku ile Mama Kibonge alitokwa na machozi. Zawadi mbili kwa mtoto mmoja! Sasa akajiuliza mbona kila aliyeleta zawadi alikaa kidogo baada ya kuitoa, akaegemea mashine ya kunakili, na akaacha neno lidondoke.

"Mimi sisemi kitu," Rula alikuwa akisema, "ila kuna watu wamebadilisha rangi za ramani bila kumwambia Madam."

"Mimi si mmbea," Wino alikuwa akisema, "ila kuna mtu hesabu za kadi zake hazilingani, na anajua."

Na yeye, kwa kutokujua, alimwaga mtama kwenye kuku wengi. Madam angeuliza, "Huko mambo yakoje?" naye angejibu alichosikia. Mshale ulipigwa, na mkono uliopiga haukuonekana. Ulionekana wake tu.

Halafu kisu. Kisu kizuri cha kukatia kadi kilipotea kwa wachoraji, na Wino akatangaza, "Ulizeni koridoni, kila kitu hupitia huko." Wakati mwingine likapotea sanduku la kete za watunga sheria, na Rula akasema maneno yale yale, kana kwamba waliyasoma shule moja. Watu wakacheka. Naye alicheka. Hakuwahi kujiuliza vilikwenda wapi, maana alijua tu kwamba hakuvichukua. Lakini mwizi aliyekuwepo alilala vizuri, kwa sababu korido ilikuwa pale kupokea lawama.

Akageuka kitandani, akamtazama mwanawe. "Baba," akamnong'oneza, "wewe na mimi ni Kunguru."

*

Asubuhi iliyofuata alifika mapema. Akakuta jambo ambalo halikuwahi kuonekana pale: Rula na Wino wamesimama dirishani mwisho wa korido, kila mmoja na kikombe cha chai, na Wino anacheka. Si kicheko cha kebehi. Kicheko cha watu wa siku nyingi.

Walipomwona wakanyamaza.

"Mama Kibonge!" Rula akasema, kwa uchangamfu uliozidi kipimo. "Umeamkaje? Paka hajambo?"

"Hajambo. Na nyinyi mmeamkaje, kwa pamoja hivyo?"

"Aa, chai tu," Wino akasema. "Kwani chai ina kabila?"

Nyuma yao fundi mwenye futi ya kukunja alikuwa amechuchumaa, anapima ukuta. Akapima mpaka kwenye meza yake, akainua mguu juu ya boksi la Kibonge kama anayevuka dimbwi, akaendelea.

"Huyu anapima nini?"

"Upepo," Rula akajibu. Ndio ulikuwa utani wake, na kwa mara ya kwanza Wino aliucheka.

Watu husema tembo wakipigana nyasi huumia. Hakuna aliyemwambia Mama Kibonge tembo wakipatana hufanya nini. Sasa aliona mwenyewe: wanakula nyasi zile zile, kwa utulivu, bega kwa bega.

Asubuhi yote hakuna aliyeegemea mashine ya kunakili. Hakuna aliyesema "mimi si mmbea." Umbea ulikatika ghafla kama maji ya bomba, na hapo ndipo alipojua ni kiasi gani alikuwa akiishi kwa umbea. Wachoraji walipita wakiangalia miguu yao. Akaomba karatasi, akaambiwa, "Andika ombi kwanza, dada." Ombi! Tangu lini Kunguru wakaomba barafu?

Alijaribu kuandika ule ukurasa. Akaandika kwamba Kunguru ni hodari, akafuta. Akaandika kwamba dola zina huruma, akafuta mpaka karatasi ikachanika. Alianza kulijua jibu, lakini lilikuwa chungu, na mtu haandiki kirahisi hukumu inayomhusu mwenyewe.

*

Karakana ile ilikuwa na mila zake za mezani. Mchezo ulipofika mwisho wa kutengenezwa, ulichezwa mara moja mbele ya Madam, na kulikuwa na masharti mawili. La kwanza: mezani hakuna maelezo. Unacheza, huelezi kwa nini. Ukieleza, unaosha vikombe vya watu wote. Madam alisema mnunuzi hatauziwa boksi lenye mtu ndani wa kumfafanulia. La pili: anayeshinda huongeza sheria moja, na hakuna mwenye haki ya kuikataa kabla haijajaribiwa. Sheria nzuri kuliko zote za karakana zilizaliwa hivyo, na za kijinga pia.

Mchana ule wakakaa kwenye meza kubwa ya chumba cha wachoraji. Rula alishika Himaya ya Shaba, Wino akashika Jamhuri ya Kioo, na Mama Kibonge akapewa Kunguru. Wafanyakazi wengine walisimama ukutani. Boksi lenye nyota lilikuwa miguuni pake. Ramani ilikuwa nyeusi nzuri, na katikati ulipita Ukanda wa Vumbi, mawe ya kijivu yaliyochorwa moja moja, na ngome ya Kunguru na bendera yake kubwa isiyo na aibu.

"Haya," Madam akasema. "Midomo ifungwe."

Mwanzoni mchezo ulikwenda kama siku zote. Dola zile mbili zilikuwa na kadi za kificho: unamsogezea Kunguru kadi kifudifudi pamoja na barafu kidogo ya malipo, ndani kuna kazi ya kumfanyia jirani yako ambayo hutaki ijulikane ni yako. Rula akasogeza kadi. Wino naye akasogeza kadi. Mama Kibonge akazipokea zote, akazisoma, akaziweka chini ya kiganja. Akasogeza chombo chake kimoja huku, kingine kule, akachukua barafu, akarudi vumbini. Kibonge alikuwa amelala. Watu ukutani walikuwa wanatafuna kucha kwa raha.

Kisha wakafanya kosa lao.

Rula alisogeza manowari zake zote mpaka mpakani mwa Ukanda. Kwa kawaida, Himaya ikisogea hivyo, Jamhuri huruka kama aliyekanyaga moto. Wino hakuruka. Hakutazama hata mkono wa Rula. Alingoja zamu yake, akasogeza manowari zake zote upande wa pili, polepole, akazipanga. Ukanda ukawa katikati kama kidole kwenye mlango. Na hakuna kati yao aliyemtazama mwenzake, maana mtu anapojua mwenzake atafanya nini, hana haja ya kumwangalia.

Mama Kibonge akaelewa. Haya hayakuanzia hapa mezani. Yalipangwa dirishani, juu ya chai. Watamfuta kwenye ramani, mbele ya Madam, ionekane mchezo hauhitaji Kunguru. Ukurasa hautahitajika. Meza ya korido haitahitajika. Na ule ukuta uliopimwa! Wanaubomoa, vyumba viwe kimoja. Ndani ya chumba kimoja korido iko wapi?

Akamtazama Wino. Wino akawa anasugua doa kwenye kiwiko. Akamtazama Rula. Rula akawa ananyoosha manowari ambayo tayari ilikuwa imenyooka.

"Zamu yako, mama," Rula akasema, na sauti yake ilikuwa na upole wa daktari anayeficha sindano.

Alitaka kupiga kelele. Alitaka kusema: nimelala na siri zenu nyote wawili, mnadhani nimezisahau? Lakini mezani hakuna maelezo. Akainua kiganja. Chini yake zilikuwepo kadi mbili, zile walizomsogezea zamu iliyotangulia tu. Kunguru wote waliowahi kuchezwa pale walizifanya kazi zile kwa siri, maana kazi ya siri huleta barafu. Hakuna aliyewahi kuzionyesha. Sheria haikusema huwezi. Haikuwahi kumjia mtu akilini.

Akazifunua. Moja akaiweka mbele ya Wino, nyingine mbele ya Rula, kila mmoja akasome ya mwenzake.

Wino akasoma. Nyusi zikapanda. "Uchome bandari yangu? Hii umeitoa lini?"

"Na hii?" Rula akasema, uso umemwiva. "Unazamisha shehena yangu yote? Leo hii? Mimi nasogea kwa imani, wewe unaniwekea hii mgongoni?"

"Imani! Wewe ndiye wa kusema imani! Ulikuwa umeshaipanga hii wakati tunakunywa chai?"

"Mezani hakuna maelezo," mtu mmoja akakumbusha kutoka ukutani.

"Nitaosha vikombe!" Wino akafoka. "Nitaosha na masufuria! Mtu huyu hajabadilika. Ni kama kisu changu!"

"Kisu chako kipo kwenye droo yangu, ndiyo! Na wewe una kete zangu!"

Wakubwa wawili wakabaki wameachama. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, na hao wawili walitafuta pa kuchutamia wasipaone. Watu ukutani wakageuza macho, kwanza kwa Mama Kibonge, kisha chini. Kila mmoja alikuwa amewahi kucheka ile, "ulizeni koridoni."

Hapo Kibonge akaamka, akalia kwa sauti yake yote.

"Endeleeni," Madam akasema.

Wakaendelea, lakini amani ilikuwa imekufa. Zamu iliyofuata manowari za Rula ziliupita Ukanda bila kuugusa, zikaenda kuchoma bandari za Kioo. Wino akajibu. Mwisho ulipofika, nusu ya nyota zilikuwa zimezimika, na ngome ya Kunguru ilikuwa pale pale na bendera yake. Mama Kibonge alikuwa ameshinda, mtoto begani, anampigapiga mgongoni.

"Sasa unaweza kueleza," Madam akasema. "Mbona hawafukuzwi?"

Mama Kibonge hakufurahi kama alivyodhani atafurahi. Alimtazama Wino, akakumbuka kile kicheko cha dirishani, cha watu waliokumbukana. Kilikuwa kicheko kizuri. Yeye ndiye aliyekivunja.

"Kwa sababu kila dola inataka mkono usio wake," akasema taratibu. "Mkono wa kuibia, wa kupeleka neno, na wa kubebeshwa lawama. Himaya haiwapendi Kunguru. Inaogopa tu kuwamaliza, kesho ikaukosa mkono huo, au Kioo ikaupata peke yake. Ndiyo maana wanaachwa. Lakini kuachwa si kuruhusiwa, Madam. Siku wakubwa wakipatana, Kunguru ndio wa kwanza kufutwa. Kwa hiyo inabidi wakubwa wasipatane kamwe, na Kunguru waombee hivyo kila siku." Akamhamishia mtoto bega la pili. "Hayo si maisha. Mimi sitaki kuombea watu wagombane ili mwanangu apate pa kulala."

Neno hilo, "mwanangu," lilikuwa halijawahi kutamkwa ndani ya jengo lile. Kuna aliyekohoa.

"Uandike hivyo hivyo ulivyosema," Madam akasema. "Toa hiyo ya mtoto. Na sheria yako ya mshindi?"

Alikuwa ameshaifikiria, wakati anampigapiga mtoto. "Kunguru wakimaliza mchezo wakiwa hai, ngome yao inapewa jina na inaandikwa kwenye ramani. Ni mahali, kama mahali pengine. Anayetaka kuiondoa anaweza kujaribu, ila lazima kwanza aitaje kwa jina, kwa sauti, mbele ya wote, na aseme kwa nini."

"Sio mbaya," Rula akasema bila kupenda. Sheria nzuri ilimshinda hata akiwa na hasira. "Inaweza kujaribiwa."

"Basi tuijaribu." Mama Kibonge akainama, akalitoa boksi chini, akaliweka juu ya meza kubwa, juu ya ramani, katikati ya Ukanda. Nyota za Wino ziling'aa pande zote. Akamketisha mtoto ndani. Kibonge akaanguka ubavuni, akajiinua, akashika ukingo wa boksi, akawatazama wote kama hakimu.

"Mama, hiyo sheria ni ya mchezo," Rula akasema.

"Hakuna mwenye haki ya kuikataa kabla haijajaribiwa," akajibu. "Huyu anaitwa Kibonge. Si paka. Mnabomoa ukuta, nimeona. Bomoeni, ni vizuri, hata mimi nimechoka kupitisha maneno. Ila anayetaka huyu atoke, amtaje jina na aseme kwa nini, sasa hivi, mbele yake."

Alingoja. Alingoja kwa roho mkononi, maana hakuwa na kadi nyingine chini ya kiganja. Rula alifungua mdomo, Kibonge akamtabasamia kwa ufizi wenye jino moja, na mdomo ukafungwa.

Wino ndiye aliyesogea. Alichukua penseli, akachomoa karatasi ya vipimo vya fundi iliyokuwa imekunjwa mfukoni mwa Rula, wala hakuomba ruhusa. Akaikunjua. Ukuta ulikuwa umefutwa, na mahali pa korido palikuwa patupu. Akachora mraba mdogo karibu na dirisha.

"Hapa kuna jua la asubuhi," akasema, macho chini. "Na ni mbali na rangi. Rangi zina harufu." Kisha, bila kumwangalia Rula, "Unapima wewe, au nikadirie?"

"Ukikadiria wewe, mtoto atakaa nje," Rula akasema, akatoa futi yake.

Mama Kibonge hakujua kama hiyo ni amani au ni vita vingine vinavyoanza. Alijua tu kwamba safari hii hawakuhitaji mtu wa katikati.

Watu walipotawanyika, Madam alibaki amesimama mbele ya boksi, anampa Kibonge kidole akishike.

"Nilidhani utaomba mapema zaidi," akasema.

Mama Kibonge akamgeukia. "Kwa hiyo ulikuwa unajua? Ya kisu? Ya kete?"

"Mimi ninachojua ni kile ninachosikia koridoni," Madam akajibu, akatabasamu, tabasamu ambalo lingeweza kuwa la mama au la mtu aliyekuwa na mkono usio wake muda wote. Mama Kibonge alilitazama kwa makini, asiweze kuamua, akajiwekea moyoni aendelee kulitazama.

"Jina lake kamili nani?" Madam akauliza.

Akamtajia. Madam akalirudia polepole, asikosee. Kisha akatoka koridoni, na Mama Kibonge akamsikia anang'oa kitu ukutani juu ya mtungi wa maji, gundi ikikatika. Alichungulia kuona kama analichana tangazo au analisogeza pengine tu.

Alikuwa ameligeuza upande mtupu, anatafuta kalamu ya kuandikia lile jina. Mama Kibonge akampelekea yake.